Upepo wa Nyanda za Karatu: Ardhi, Umeme na Gharama Zake

Historia ya nishati katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata mito, kwa kuwa tangu enzi za ukoloni mabwawa ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya umeme wa kanda hii. Upepo ulivusha majahazi kati ya pwani ya Waswahili, Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, lakini haukuhesabiwa miongoni mwa rasilimali za bara mpaka karne ya 20 ilipokaribia kwisha. Mwaka 1993 Kenya ilisimamisha mitambo miwili ya upepo katika vilima vya Ngong kwa msaada wa Ubelgiji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walianza kupima upepo wa nyanda za juu za Tanzania, zikiwemo za Karatu. Makala haya yanaieleza historia hiyo kwa kulitazama eneo la Kansay na jirani zake wa Ngorongoro, ambako hakuna shamba kubwa la mitambo ya upepo lililojengwa, lakini ambako maswali yote yaliyozuka penye mitambo hiyo yana mizizi ya zamani. Hoja yake ni kwamba faida na hasara za umeme wa upepo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo matatu yaliyo chini ya nguzo: haki ya ardhi, njia ya kusafirisha umeme, na mkataba unaosema hasara itabebwa na nani. Wakazi wa Karatu na Mbulu wanayo kumbukumbu ndefu ya miradi mikubwa iliyofika kwao kabla ya mambo hayo kuamuliwa, na kumbukumbu hiyo inastahili kuhesabiwa kama sehemu ya upimaji wa eneo.

Kansay ni kata ya Wilaya ya Karatu, wilaya iliyozaliwa kwa kuigawa Mbulu katika miaka ya 1990. Uwanda wa Karatu umeinuka kati ya Ziwa Manyara upande wa mashariki na Ziwa Eyasi upande wa magharibi, huku milima ya Ngorongoro ikiuzuia kwa kaskazini, na kwa sababu hiyo hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hulazimika kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kabla ya kuufikia. Upepo unaovuma kutoka mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka ni tawi la pepo zilezile ambazo mabaharia wa pwani huziita kusi na kaskazi, ingawa huku bara mwelekeo na nguvu yake hubadilishwa na umbo la milima. Ushahidi wake unaoonekana wazi kuliko wote uko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, karibu na Bonde la Olduvai, ambako kilima cha jivu jeusi la volkano, chenye umbo la mwezi mwandamo, kimo cha takriban mita 9 na urefu unaokaribia mita 100, huhamishwa na upepo kuelekea magharibi kwa takriban mita 17 kila mwaka. Vinguzo vilivyowekwa kuonyesha mahali kilima hicho kilipokuwa katika miaka iliyopita ni kumbukumbu ya upepo iliyoanza kuandikwa kabla ya kifaa chochote cha kisasa cha kupimia nishati kufika eneo hili.

Wakazi walio wengi wa uwanda huo ni Wairaqw, wanaojulikana pia kama Wambulu, ambao huchanganya kilimo na ufugaji, na jirani zao ni Wadatoga, Wamaasai na Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Kwa wakulima upepo umekuwa na sura mbili. Baada ya mavuno ya mtama, maharage au mbaazi ndio uliotenga punje na makapi wakati wa kupepeta, na mwishoni mwa kiangazi ndio uliochukua udongo wa juu kutoka mashamba yaliyobaki matupu, kabla mvua za kwanza hazijaendeleza uharibifu huo kwa kuchimba makorongo. Kutumia upepo kuendesha mashine kulikuja kwanza kwa njia ya maji. Kiwanda cha Bobs Harries Engineering cha Thika, Kenya, kilitengeneza pampu za upepo zilizoitwa Kijito, ambazo panga zake huzungusha mhimili unaovuta maji kisimani bila mafuta wala umeme, na pampu za aina hiyo ziliwekwa pia katika mikoa mikavu ya Tanzania kama Singida na Dodoma. Nyingi kati ya pampu za Tanzania zilisimama kwa kukosa vipuri na mafundi. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza, kwamba upepo usiolipiwa bado unahitaji watu na fedha za kuuhudumia mtambo mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kuifikia mitambo ya umeme, ni lazima kuieleza ardhi ambayo ingeipokea. Katika muongo wa 1890 sotoka, yaani ugonjwa wa ng'ombe ulioenea Afrika Mashariki yote, iliangamiza mifugo ya Wamaasai, na Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria aliyepita Manyara, Ngorongoro na Eyasi mwaka 1892, alikuta watu wakifa kwa njaa. Nguvu ya Wamaasai ilipopungua, Wairaqw, ambao kwa muda mrefu walikuwa wamejibana katika milima ya Mbulu na kujenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa vilima ili kujikinga na mashambulizi, walianza kushuka na kusogea kaskazini hadi uwanda wa Karatu. Utawala wa Waingereza uliliona tatizo la eneo hilo kuwa ni mifugo mingi mno kwenye udongo unaomomonyoka, na baada ya Vita Kuu ya Pili uliendesha mpango wa maendeleo wa Mbulu uliojumuisha kufyeka vichaka ili kuwaondoa mbung'o, kuwahamishia watu katika ardhi iliyosafishwa na kuwalazimisha wafugaji kupunguza ng'ombe. Mpango huo ulifungua ardhi mpya, lakini uliacha pia kumbukumbu ya amri iliyotoka juu kuhusu mali ambayo kwa familia ilikuwa akiba, mahari na chakula.

Upande wa Oldeani, miteremko yenye mvua chini ya milima ya Ngorongoro ilikuwa imegawiwa walowezi, wengi wao Wajerumani, waliopanda kahawa katika miaka ya 1920 na 1930, mpaka vita vilipoanza mwaka 1939 na mashamba yao kuwekwa chini ya usimamizi wa serikali kama mali ya adui. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa kwa lengo la kuwaweka pamoja wafugaji na wanyamapori katika eneo moja, na makubaliano hayo yamebishaniwa kwa vizazi, hadi zoezi la kuhamisha wakazi kwenda Msomera, Handeni, lililoanza mwaka 2022. Baada ya uhuru, serikali ilianzisha makazi ya Upper Kitete huko Mbulumbulu, ambako familia zilizochaguliwa zililima ngano kwa matrekta kwa pamoja, na ngano ikawa zao la ndoto kubwa ya kanda nzima.

Ndoto hiyo ilifika kilele chake kusini, Hanang, katika ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano ambayo hatimaye yalifikia takriban ekari 100,000. Hesabu ya taifa ilionyesha faida: ngano ya ndani ilipunguza uagizaji na kuokoa fedha za kigeni. Hesabu ya wafugaji haikufanywa, ijapokuwa mashamba hayo yalichukua malisho bora ya kiangazi, yakafunga njia za mifugo na kulima juu ya makaburi ya wazee. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw ilipoishtaki NAFCO katika miaka ya 1980, ilishinda Mahakama Kuu, kisha ikashindwa Mahakama ya Rufani, kwa sababu kijiji hakikuthibitisha kwamba ardhi kiliyokuwa kikiitumia ilikuwa imegawiwa kwake rasmi. Historia hii ina uzito wa pekee kwa yeyote anayefikiria mradi mwingine mkubwa katika nyanda hizi, kwani inaonyesha jinsi faida ya taifa inavyoweza kuwa ya kweli na bado ikalipiwa na watu wachache ambao majina yao hayakuandikwa popote kama walipaji.

Upimaji wa upepo kwa ajili ya umeme ulifika Karatu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Tanzania, kwa msaada wa Denmark, ilipochunguza maeneo ya Mkumbara mkoani Tanga, Mgagao mkoani Kilimanjaro, na Karatu. Matokeo ya awali ya maeneo hayo hayakufikia yale ya Kititimo, Singida, na Makambako, ambako vipimo katika kimo cha mita 30 vilionyesha wastani wa kasi ya mita 9.9 na 8.9 kwa sekunde. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa nguvu iliyomo katika upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: upepo wa mita 10 kwa sekunde hauna nguvu mara mbili ya upepo wa mita 5, una nguvu mara nane. Isitoshe, hewa ya mwinuko wa mita 1,500 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kwa hiyo mtambo uleule huzalisha kidogo zaidi uwandani kuliko ungezalisha ufukweni penye kasi ileile. Ndiyo sababu macho ya wawekezaji yalielekea Singida. Hata huko, mradi wa megawati 50 wa Geo-Wind, ulioshirikisha Shirika la Maendeleo la Taifa na shirika la umeme la taifa, TANESCO, na ule wa megawati 100 wa Wind East Africa, ilikuwa haijajengwa kufikia mwaka 2020, licha ya kutajwa katika mipango ya nchi kwa zaidi ya muongo mmoja.

Nchini Kenya mambo yalikwenda mbali zaidi, na hapo ndipo mizania ya faida na hasara inaweza kusomwa katika matukio yaliyokwisha kutokea. Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, hewa inayopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya hubanwa na kuongeza kasi, na kuufanya upepo wa Loiyangalani kuwa miongoni mwa pepo kali na za kudumu zaidi barani Afrika. Kampuni ya Lake Turkana Wind Power ilisimamisha huko mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, yenye jumla ya megawati 310, kwa gharama iliyozidi euro milioni 600. Mitambo hiyo ilianza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka 2018 na kuzinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta Julai 2019. Kwa upande wa uzalishaji mradi haukuwa na aibu: ulitoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi bila kuchoma mafuta na bila kutegemea mvua, kwa bei ya mkataba ya senti 7.52 za euro kwa kila uniti, iliyokuwa nafuu kuliko umeme wa mitambo ya dizeli. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilikarabatiwa ili kupitisha shehena, na maeneo yaliyokuwa yametengwa kwa miongo mingi yakafikika.

Gharama zilijitokeza kwanza katika njia ya umeme. Mitambo ilikuwa mbali na watumiaji, na njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, yenye urefu unaozidi kilomita 400, ilikuwa wajibu wa serikali. Mkandarasi wake kutoka Hispania alifilisika, kazi ikachelewa, na mitambo iliyokuwa tayari ikasimama ikisubiri nyaya. Kwa kuwa mkataba wa ununuzi wa umeme, yaani makubaliano ya miaka 20 kati ya mzalishaji na shirika la ugavi, uliitaka serikali imfidie mwekezaji endapo njia ingechelewa, Wakenya walilipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukufika kwao. Hata baada ya njia kukamilika, tatizo jingine lilibaki. Upepo huvuma sana usiku, wakati mahitaji ya umeme ni madogo, na mara mitambo ilipoagizwa kupunguza uzalishaji, masharti ya malipo ya umeme ambao ungeweza kuzalishwa yaliendelea kufanya kazi. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa katika mradi mwaka 2012 kwa hofu ya namna hiyo, kwamba umeme ungezidi uwezo wa soko kuutumia.

Ardhi ilidai gharama zake pia. Mwaka 2007 lililokuwa Baraza la Kaunti ya Marsabit liliikodisha kampuni ekari 150,000, ingawa mitambo ilihitaji eneo la takriban ekari 40,000, na ndani ya hizo sehemu iliyojengwa nguzo na barabara ni ndogo sana. Watetezi wa mradi walieleza, na ni kweli, kwamba ngamia na mbuzi wangeweza kuendelea kulisha kati ya mitambo, jambo ambalo shamba la ngano la Hanang halikuruhusu kamwe. Hata hivyo, kwa Wasamburu, Warendille, Waturkana na Waelmolo swali la nani anamiliki ardhi halikujibiwa na ruhusa ya kulisha. Wakazi walifungua kesi mwaka 2014, na tarehe 19 Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kusahihisha kasoro hizo. Siku nane kabla yake Mahakama ya Juu ya Norway ilikuwa imetoa uamuzi unaofanana: leseni za mitambo 151 ya upepo ya Fosen zilikuwa zimekiuka haki ya wafugaji wa Kisami kuendeleza utamaduni wao wa kuchunga kulungu. Pale Fosen na Loiyangalani vilevile, mitambo ilikuwa inazunguka tayari hukumu zilipotoka, na kwa hiyo majaji walikuta jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa mwanzoni likiwa limejengewa misingi ya zege.

Msomaji wa Kansay, hata hivyo, angejiona zaidi katika historia ya Kinangop kuliko ya Turkana. Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, ni uwanda wa juu wa wakulima wadogo, ardhi imegawanyika katika mashamba ya familia, na hakuna eneo tupu linaloweza kukabidhiwa kwa saini moja. Mradi wa megawati 61 uliokuwa na fedha, mkataba na mitambo iliyokwisha agizwa ulikumbana na upinzani kutoka kwa wakazi waliohofia kuhamishwa, kelele za panga na madhara ya kiafya, na ambao walihisi kwamba waliosaini mikataba ya kukodisha ardhi walikuwa wachache huku mabadiliko yakiwahusu wote. Maandamano yalizuka na maisha yakapotea, na mwaka 2016 kampuni ilitangaza kuuacha mradi. Baadhi ya hofu za wakazi hazikuwa na msingi wa kitaalamu, lakini zilienea kwa sababu hapakuwa na chombo walichokiamini kuwaeleza ukweli. Fedha zilizokwisha kutumika zilipotea, umeme haukuzalishwa, na jina la nishati ya upepo likachafuka katika eneo zima.

Hesabu rahisi inaonyesha kwa nini mfano wa Turkana hauwezi kuhamishiwa uwandani Karatu bila kubadilishwa. Katika Loiyangalani kila mtambo ulichukua wastani wa zaidi ya ekari 100 za eneo la mradi, kwa kuwa mitambo haina budi kuachiana nafasi ili mmoja usiukate upepo wa mwingine. Katika kata ya wakulima, ambako familia nyingi huishi kwa ekari chache za mahindi, maharage na mbaazi, eneo kama hilo lina kaya nyingi, visima, njia za ng'ombe, makaburi na shule. Ni kweli kwamba mahindi yanaweza kupandwa karibu na nguzo, na kwamba kodi ya mwaka kwa mwenye shamba lenye mtambo inaweza kuwa kinga dhidi ya ukame au kuporomoka kwa bei, kama ile ya mbaazi iliyoanguka mwaka 2017 baada ya India kuzuia uagizaji. Lakini kodi hiyo humfikia mwenye shamba lenye nguzo, ilhali barabara, kivuli kinachopita, sauti na nyaya huwafikia majirani wasiolipwa chochote. Mgawanyo huo ndio ulioivunja Kinangop.

Kwa upande wa mazingira, ujirani wa Ngorongoro na Manyara unaongeza uzito ambao Singida haina. Tai tumbusi wa Ruppell, aliyetangazwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, huzaliana kwenye kuta za korongo la Ol Karien katika milima ya Gol, na husafiri mbali akitafuta mizoga, akielea juu ya miteremko ileile yenye mikondo ya hewa ambayo mhandisi wa upepo huipenda. Heroe huhama kati ya maziwa ya magadi ya Natron, Manyara, Eyasi na ziwa lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro, na huruka zaidi usiku, wakati nyaya za umeme hazionekani. Hatari hii si ya kubuni: katika kipito cha Altamont, California, mitambo iliyojengwa kuanzia miaka ya 1980 iliua tai wengi kabla ya wahusika kukubali kwamba mahali palichaguliwa bila kuwahesabu ndege. Kenya ilijifunza kitu hapo. Mradi wa Kipeto wa megawati 100 huko Kajiado, ulioanza kazi mwaka 2021 ukiwa na mitambo 60, uliweka waangalizi wa ndege wenye mamlaka ya kuagiza mtambo usimamishwe tumbusi anapokaribia, na ukagharamia kazi ya kupunguza uwekaji wa sumu kwenye mizoga, ambayo huua tumbusi wengi zaidi. Uzalishaji unaopotea kwa kusimamisha mtambo ni gharama halisi, na kuikubali tangu mwanzo katika hesabu za mradi ni uaminifu.

Ni lazima pia kuilinganisha nishati ya upepo na kile ambacho kingetumika badala yake. Tanzania imekwisha kupitia migao ya umeme mwaka 2006, 2011 na 2022 mito ilipokauka, na safari zile za mwanzo mitambo ya mafuta iliyokodishwa kwa dharura iliigharimu nchi vibaya. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limebadilisha hali hiyo, ingawa nalo lilichukua msitu na ardhi ya urithi wa dunia, na bado linategemea mvua. Upepo wa bara huvuma zaidi katika miezi ya kiangazi, mito inapopungua, na kwa hiyo thamani yake kubwa kwa nchi ya mabwawa ni kuyaachia maji yajikusanye. Kampuni ya Rift Valley Energy ilitumia mantiki hiyo huko Mufindi, Iringa, iliposimamisha mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4 ili kusaidiana na mtambo wake wa maji wa Mwenga, ambao unahudumia vijiji vya jirani na kuuza ziada kwa TANESCO. Mradi huo, wa kwanza wa aina yake Tanzania, ni mdogo kuliko sehemu moja ya mia ya ule wa Turkana, lakini umeme wake hutumika palepale unapozalishwa, na hauhitaji njia ya mamia ya kilomita.

Suala la njia linagusa kaskazini mwa Tanzania kwa namna ya pekee. Vituo vikubwa vya kuzalisha umeme viko kusini na mashariki, umeme hupotea njiani kabla ya kufika Arusha na Kilimanjaro, na mwaka 2025 serikali ilieleza kwamba ingenunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hiyo. Njia ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Babati na Arusha hadi Kenya imeipa kanda hii uti wa mgongo ambao haikuwa nao vipimo vya Karatu vilipofanywa. Hilo lina maana kwamba hesabu ya zamani inaweza kurudiwa kwa haki, kwa mitambo ya leo yenye nguzo ndefu zinazofikia upepo mkali zaidi wa juu, na kwa kiwango kinacholingana na mahitaji ya kanda. Haina maana kwamba jibu litakuwa ndiyo. Vilevile, umeme wa gridi pekee haulindi misitu, kwa kuwa kaya nyingi za vijijini hupikia kuni na mkaa hata pale nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini zinapopita mlangoni, na mradi unaojinadi kwa mazingira unapaswa kusema wazi ni kuni kiasi gani utaziokoa na kwa njia gani.

Tanzania inayo misingi ya sheria ambayo Mulbadaw haikuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitambua ardhi inayomilikiwa kimila hata isipokuwa na hati, inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kikao cha watu wazima wote wa kijiji, uwezo wa kukubali au kukataa kuhamishwa kwa eneo lisilozidi hekta 250, na inataka fidia ikubaliwe kabla ya ardhi kutoka mikononi mwa kijiji. Juu ya kiwango hicho uamuzi ni wa Waziri, na kijiji hubaki na haki ya kutoa maoni tu. Shamba la upepo la kibiashara linaweza kuvuka hekta 250 kwa urahisi, na hapo ndipo kinga inapopungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo thamani yake hutegemea kama ndege, mifugo na njia za maji vilihesabiwa kwa misimu yote ya mwaka au kwa ziara ya siku chache.

Denmark, nchi iliyofadhili vipimo vya Karatu, ilikuwa na uzoefu wake wa kutoa. Mitambo mingi ya mwanzo huko ilimilikiwa na vyama vya ushirika vya wakazi, na upinzani ulipoongezeka kadiri kampuni kubwa zilivyochukua nafasi, sheria ya mwaka 2008 ikawalazimu waendelezaji kuwauzia wakazi wa karibu angalau asilimia 20 ya umiliki. Wairaqw na jirani zao, ambao wamezoea vyama vya ushirika vya mazao na kamati za maji za vijiji, hawangehitaji kufundishwa maana ya hisa za pamoja. Wangehitaji kuwa na sauti kabla mkataba haujasainiwa, kwa sababu mkataba ndio unaoamua kama kijiji kitapata sehemu ya mapato ya kila uniti kwa miaka 20, au kodi ya mara moja kwa wenye nguzo tu. Wangehitaji pia kuandikiwa nani atang'oa misingi ya zege na kuondoa panga, zisizoyeyushwa kwa urahisi, muda wa mtambo utakapokwisha.

Kwa hiyo kipimo cha upepo wa Karatu kinapaswa kufanywa kwa mpangilio uliogeuzwa ukilinganishwa na ule wa Loiyangalani. Hakimiliki za kimila za kila kaya ziandikwe kwanza, njia za tumbusi na heroe zifuatiliwe kwa mwaka mzima, mahali umeme utakapotumika pajulikane, na sehemu ya kijiji katika mapato ikubaliwe mbele ya Mkutano Mkuu, ndipo mwekezaji aonyeshwe mahali pa kusimamisha mnara wa kupimia. Mpangilio huo utachelewesha baadhi ya miradi na kuizuia mingine kabisa. Lakini miradi itakayopita itakuwa imelipa gharama zake hadharani, na kizazi kitakachorithi ardhi ya Kansay hakitalazimika kwenda mahakamani, kama wazee wa Mulbadaw, kuthibitisha kwamba mahali walipozaliwa palikuwa pao.